Mzinga Mtupu wa Kathambi

Kila asubuhi Kathambi aliwasha moto, akateleka uji, kisha akatoka nje kutazama mzinga wake. Mzinga ulining'inia kwa waya kwenye mti wa muringa, nyuma ya nyumba. Alisimama kando yake na kutega sikio. Hakusikia kitu.

Kisha aligeuka kutazama ng'ambo ya ua wa michongoma. Huko kwa Ciakuthii, nyuki walikuwa wameamka kabla yake. Waliingia na kutoka, wengine wakirudi na unga wa maua miguuni, mpaka wakasukumana mlangoni mwa mzinga.

"Tazama wanavyojaa," Kathambi alisema peke yake. "Na kwangu hata mmoja hapiti."

Alitazama mpaka akasikia uji ukifurika jikoni na kuzima moto. Siku hiyo mwanawe Murithi na wadogo zake walikwenda shule wamechelewa.

Kathambi na Ciakuthii waliolewa na ndugu wawili. Mwiti, mume wa Kathambi, ndiye mkubwa. Elphas, mume wa Ciakuthii, ndiye mdogo. Walikaa upande wa chini wa soko la Muthara, pale ardhi inapoanza kuteremka kwenda kwenye nyanda za joto. Mama mzazi wa Mwiti na Elphas, ambaye watu wote walimwita Nyanya, alikaa kati ya nyumba hizo mbili.

Ilikuwa mwaka wa 1985. Mwaka uliotangulia ukame uliua mahindi na ng'ombe. Mvua iliporudi, kikundi cha akina mama wa kanisa kilipata mizinga ya kisasa, mmoja kwa kila nyumba. Mzinga huo ni sanduku refu la mbao lenye kifuniko. Chini ya kifuniko kuna vijiti vilivyopangwa sambamba, na nyuki hujenga masega yao kwenye vijiti hivyo.

Kathambi aliupenda mzinga wake kuliko sahani zake za harusi. Aliusugua kwa sabuni ya unga. Aliupaka rangi ya kijani ndani na nje. Kisha akapangusa ndani kwa mafuta ya taa ili siafu wasiingie.

"Hata mimi naweza kuhamia humo," Mwiti alisema akicheka.

Ciakuthii hakuusugua wake. Mbao zake zilikuwa na madoa ya kahawia, kama sufuria ambayo haikuoshwa vizuri. Hata hivyo nyuki waliingia kwake kabla maharagwe hayajatoa maua.

Jumapili moja, baada ya kanisa, Ciakuthii alimletea Nyanya bakuli la asali. Nyanya alichovya kidole, akalamba, akachovya tena.

"Mkono wa Ciakuthii una baraka," alisema. Kisha akamtazama Kathambi. "Na wewe, mwanangu, nyuki wako walipotelea wapi?"

"Watakuja, Mama," Kathambi alijibu.

"Watakuja lini? Maua ndiyo haya yanaanguka."

Kathambi alitabasamu kwa midomo tu. Maneno yale yalimkwaruza koo kama nduma ambayo haijaiva. Ciakuthii naye alikaa akitazama chini, lakini Kathambi aliona shavu lake. Ciakuthii alikuwa anajizuia kucheka.

Tangu siku hiyo Kathambi hakupata raha. Akisikia vikombe vikigongana kwa Ciakuthii, alijua wanakunywa chai ya asali. Jioni moja Mwiti alirudi kutoka kwa ndugu yake akipangusa masharubu.

"Chai ya huko ni tamu sana," alisema.

"Kama ya huko ni tamu, hamia huko," Kathambi alijibu, na chakula chake akakiweka mezani kwa kishindo.

Kisha akaona jambo lililomnyima usingizi. Elphas alikuwa ametengeneza mzinga wa pili kwa mikono yake. Kathambi alikuwa akichuma kunde karibu na ua. Kupitia mwanya wa michongoma alimwona Ciakuthii ameinama juu ya mzinga ule mpya. Mkononi alishika kitu kilichofungwa kwa jani la mgomba. Alikuwa akikipaka ndani ya mzinga, taratibu, kona baada ya kona. Alipomaliza, aliangalia huku na huku, kisha akakificha kitu kile ndani ya kitambaa chake.

Haikupita wiki, mzinga wa pili wa Ciakuthii nao ukaingia nyuki.

"Ana dawa," Kathambi alimwambia mumewe. "Nimemwona kwa macho yangu. Anawaita nyuki wangu kwa dawa."

"Nyuki wako gani?" Mwiti aliuliza. "Wewe una nyuki wa kuitwa?"

"Wangekuwa wangu!"

"Nenda umuulize, basi. Huyo ni mke wa ndugu yangu, si mgeni."

Kathambi hakwenda kumuuliza. Kuuliza kungekuwa kukubali kwamba ameshindwa. Aliamua kuitafuta dawa hiyo mwenyewe.

Alingoja siku ya soko. Alimwona Ciakuthii akipita na kikapu cha parachichi na njugu kichwani, akangoja mpaka akapotea njiani. Ilikuwa mchana na jua lilikuwa kali. Kathambi alijifunga kitambaa kichwani, akapenya kwenye ua, akaufikia mzinga wa kwanza. Nia yake ilikuwa moja: kuichukua dawa na kuitupa chooni.

Aliinua kifuniko. Ndani mlitoka joto na mvumo kama wa gari lililo mbali. Aliangalia pembeni. Hakuona jani la mgomba wala kifurushi. Akafikiri kwamba labda dawa imefichwa chini ya vijiti. Akashika kijiti kimoja ili akivute.

Nyuki mmoja alikuwa chini ya kidole chake cha gumba. Kathambi alimbana bila kujua. Nyuki akamchoma.

"Ui!" alisema, akakinyonya kidole.

Hapo hapo alisikia harufu. Ilikuwa harufu ya ndizi mbivu. Alishangaa kidogo. Nani anamenya ndizi hapa? Kabla hajamaliza kuwaza, alichomwa tena mahali pale pale. Akachomwa tena, pembeni kidogo. Alipiga kwa kiganja akawaponda. Harufu ya ndizi ikazidi, na mzinga wote ukatoka.

Kathambi alitupa kijiti na kukimbia. Nyuki walimfuata wakimchoma shingo, masikio na kope. Alikimbia kuelekea nyumbani kwake huku akirusha mikono. Lakini alipokaribia, alimwona Nyanya amekaa juani uani, akichambua maharagwe. Nyanya hakuweza kukimbia. Hata kusimama kulimchukua muda.

Kathambi alisimama. Kisha akageuka, akawapeleka nyuki upande mwingine, mbali na yule mama mzee, akarudi kule alikotoka huku akilia.

Ciakuthii alikuwa amesahau ratili yake ya kupimia njugu, na alikuwa amerudi kuichukua. Alisikia kilio. Alipomwona Kathambi, aliacha kikapu kikaanguka, parachichi zikatawanyika njiani. Alivua leso yake na kumfunika kichwa na uso.

"Usiwapige! Acha kuwapiga!" alipiga kelele. "Kimbia jikoni!"

Alimsukuma mpaka jikoni kwake, akafunga mlango, akatupa majani mabichi kwenye moto. Moshi mzito ulijaa. Walikohoa wote wawili na machozi yakawatoka. Polepole mvumo wa nyuki ukapungua, wakabaki wachache tu waliokuwa wakigonga ukuta kwa nje.

Ciakuthii alimkalisha Kathambi kwenye kigoda. Alianza kumtoa miiba kwa kuikwangua na ukucha, haraka haraka.

"Usiibane kwa vidole," alisema. "Ukiubana mwiba unakamua sumu iingie."

Ciakuthii naye alikuwa amechomwa. Jicho lake moja lilikuwa limeanza kufunga. Alipomaliza kumwosha Kathambi uso na mikono kwa maji na sabuni, alikaa chini mbele yake.

"Mama Murithi," alisema, "ulikuwa unatafuta nini kwa mzinga wangu?"

Kathambi aliyatazama majani yakifuka moshi.

"Dawa," alisema mwishowe.

"Dawa gani?"

"Ile unayopaka. Nilikuona."

Kathambi alingoja kuchekwa. Lakini Ciakuthii hakucheka. Aliinama, akaanza kuchezea ncha ya leso yake.

Elphas aliporudi na kuwakuta hivyo, alikimbia kwenda kumwita ofisa wa nyuki aliyekuwa akikisaidia kikundi cha kanisa. Ofisa huyo alikuwa mwanamke, jina lake Cicily Rwamba. Alitoka Kianjokoma, huko Embu, na Kimeru chake kiliwafanya watu watabasamu, kwa hiyo alizungumza nao Kiswahili. Alikuja kwa baiskeli jioni ile ile. Kwanza alimpima Kathambi.

"Unapumua vizuri?"

"Napumua."

"Koo halizibi? Kichwa hakizunguki?"

"Hapana, Madam. Ni uso tu unawaka."

"Una bahati. Lakini sikilizeni nyote," alisema Cicily. "Mtu akichomwa, hata mara moja tu, na koo lianze kuziba au ashindwe kupumua, msingoje. Hospitali mara moja. Na aliyechomwa na wengi hivi aangaliwe. Kesho asubuhi mama huyu apelekwe zahanati, na usiku huu akibadilika, aende usiku huu huu."

Siku chache baadaye, uvimbe ulipopungua, Cicily alirudi kuwafundisha. Jua lilikuwa limeshuka na hewa imepoa. Alivaa kofia yenye wavu na mkononi alikuwa na kopo la kutolea moshi. Aliwaweka Kathambi, Ciakuthii na waume zao mbali kidogo na mzinga.

"Mama Murithi," alisema, "siku ile ulisikia harufu yoyote?"

Kathambi alishtuka. "Ndizi. Ndizi mbivu. Nilifikiri ninaota."

"Hukuota. Nyuki hana maneno kama sisi. Maneno yake mengi ni harufu. Anapochoma, mwiba unabaki kwenye ngozi, na pale kwenye mwiba panatoka harufu kama ya ndizi mbivu. Kwa nyuki wenzake maana yake ni: adui yuko hapa, njooni. Kwa hiyo wanakuja, na wanachoma pale pale penye harufu."

"Na mimi niliwapiga," alisema Kathambi.

"Ukawaponda, na harufu ikaongezeka. Ni kama ulipiga kengele ya kanisa kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana tunaondoa mwiba haraka na kupaosha mahali hapo, ili harufu iondoke. Ndiyo maana tunatumia moshi. Moshi unaifunika harufu ile, nyuki wasiisikie. Na mzinga haufunguliwi mchana wa jua kali, bila moshi, bila nguo ya kujikinga."

"Kumbe ndiyo sababu jikoni walituacha," alisema Kathambi.

"Ndiyo. Sasa angalieni pale mlangoni."

Nyuki kadhaa walisimama mlangoni mwa mzinga. Walikuwa wameinua mikia juu na kupepea mabawa bila kuruka.

"Wanafanya nini?" aliuliza Mwiti. "Wanaona joto?"

"Mwingine hupepea kwa sababu ya joto, lakini huyo hainui mkia hivyo. Hawa wana harufu nyingine mkiani. Hii ni tamu, kama ya majani ya mchaichai. Wanaipeperusha hewani. Inasema: nyumbani ni hapa, kusanyikeni. Aliye mbali anaifuata mpaka mlangoni. Na ndani yumo mama yao, malkia. Yeye ana harufu yake. Wanaomlisha wanaipokea, wanawapa wengine, na wale nao wanawapa wengine, mpaka mzinga wote unajua mama yupo. Harufu hiyo ikipotea, wanahangaika kama watoto walioachwa."

Kathambi alikuwa akisikiliza, lakini macho yake yalikuwa kwa mzinga wake mwenyewe, mzuri, wa kijani, mtupu.

"Na mimi?" aliuliza. "Kwangu kuna harufu gani?"

Cicily aliuendea mzinga ule. Aliinua kifuniko, akaingiza pua, akaitoa haraka.

"Mafuta ya taa. Rangi. Sabuni. Kabla kundi la nyuki halijahama, linatuma wapelelezi watafute nyumba. Mpelelezi akifika hapa ananusa na kuondoka. Anachotaka ni harufu ya nta na ya gundi ile ya kahawia ambayo nyuki hupaka kwenye nyufa. Akisikia hizo, anajua nyuki waliwahi kukaa hapo salama. Mimi nilileta nta na gundi hiyo. Nilisema kila mtu apake ndani ya mzinga wake." Alimgeukia Kathambi. "Wewe hukupaka?"

"Sijawahi kusikia jambo hilo," Kathambi alisema.

Ciakuthii alisogea mbele. Jicho lake lilikuwa bado na uvimbe.

"Madam, ni mimi," alisema. "Siku ile ulipofundisha kanisani, Mama Murithi hakuwepo. Mtoto wake alikuwa na surua. Ulinipa nta yake, ukaniambia nimpelekee na nimweleze. Sikupeleka."

"Kwa nini?" aliuliza Elphas kwa mshangao.

Ciakuthii hakumgeukia mumewe. Alimtazama Kathambi.

"Shamba la karibu na mto mlipewa nyinyi. Mtoto wako akawa wa kwanza kwenda sekondari. Hata wakati wa ukame ng'ombe wako alipona, wangu akafa. Nikasema mara moja tu, mimi niwe na kitu ambacho yeye hana. Mara moja tu. Ile nta uliyoona nikipaka ilikuwa yako."

Kathambi alisikia joto likimpanda kifuani. Kumbe alikuwa ameibiwa kweli! Kwa muda mfupi alifurahi, kwa sababu hasira yake sasa ilikuwa na haki. Alifungua kinywa. Kisha akakumbuka leso ikimfunika uso, na parachichi zikibingirika njiani. Akafunga kinywa. Alirudi nyumbani kwake bila kuaga mtu.

Siku kadhaa hawakusemezana. Kisha asubuhi moja Ciakuthii alikuja. Hakupenya kwenye ua, alipita njia ya mbele kama mgeni. Mkononi alikuwa na nta na gundi ya nyuki, amevifunga kwa jani la mgomba.

"Hii ni ya mzinga wangu," alisema. "Yako niliimaliza."

Kathambi alimtazama. Kisha akaingia ndani, akarudi na kisu butu na jembe kuukuu.

"Utashika upande gani?" aliuliza.

Waliushusha mzinga. Walikwangua rangi yote iliyokuwa ndani. Waliuosha kwa maji matupu, wakauacha juani na kwenye upepo mpaka harufu ya mafuta ya taa ikaisha kabisa. Kisha wakapitisha ndani yake moto wa nyasi kavu, wakawahi kuuondoa usiunguze mbao. Wakayeyusha nta na kuipaka kwenye vijiti. Gundi wakaisugua kwenye kona na mlangoni.

"Na siafu?" Kathambi aliuliza. "Ndio walionifanya nipake mafuta ya taa."

"Paka grisi kwenye waya, huku juu. Siafu watashindwa kupita. Ndani usiweke kitu."

Wakati wa kazi waliongea kidogo tu. Lakini walipouning'iniza tena, Kathambi alileta chai. Haikuwa na asali. Ciakuthii alikunywa yote.

Mvua za vuli zilinyesha. Migunga na mibuni ikatoa maua. Asubuhi moja yenye jua, Kathambi alisikia mvumo mkubwa. Alitoka mbio, akasimama mbali. Nyuki walikuwa wakimiminika kutoka mzinga wa kwanza wa Ciakuthii kama moshi mweusi. Walizunguka hewani, wakakusanyika kwenye tawi, wakaning'inia kama gunia dogo. Mzinga ule ulikuwa umejaa kupita kiasi, na sasa kundi lilikuwa limegawanyika. Nusu ilibaki, nusu ilitafuta nyumba mpya.

Ciakuthii naye alikuwa amesimama upande wake wa ua. Wote wawili walilitazama lile tawi.

Baada ya muda kundi liliinuka tena. Liliruka juu ya michongoma. Likaufuata mti wa muringa. Wachache walitua kwenye mlango wa mzinga wa Kathambi, wakainua mikia na kupepea. Harufu ile, watu hawakuisikia, lakini nyuki waliisikia. Walishuka kwa mamia, wakaingia ndani.

Kathambi alitaka kuruka kwa furaha. Lakini alimtazama Ciakuthii kwanza. Uso wa Ciakuthii ulikuwa umekaza.

"Walikuwa wangu," Ciakuthii alisema kwa sauti ndogo.

"Walikuwa wako."

"Najua wangehama tu. Madam alieleza. Mzinga ukijaa, wanahama. Wangeweza kwenda hata msituni. Lakini inaniuma, Mama Murithi. Siwezi kukudanganya."

"Najua inavyouma," Kathambi alisema. "Mimi nilikuwa ninaunguza uji kila siku kwa sababu yako."

Ciakuthii alimtazama, akaona hasemi kwa mzaha. "Basi usiwaguse sasa," alisema. "Waache wazoee. Usifungue mpaka wajenge."

Kathambi hakuwagusa. Maua yalipoanza kuanguka, jioni moja ya baridi, walimwalika Cicily na kuufungua mzinga. Walivaa kofia zenye wavu. Ciakuthii ndiye aliyeshika kopo la moshi, akapuliza polepole mlangoni, kisha chini ya kifuniko. Nyuki walivuma kwa upole. Hakuna aliyechomwa. Watoto na mbuzi walikuwa mbali, upande wa pili wa boma.

Masega yalikuwa meupe na mazito. Waliacha mengine kwa chakula cha nyuki wenyewe. Kathambi alikata kipande cha kwanza. Mwiti alinyoosha mkono, lakini Kathambi alimpita, akampa Ciakuthii.

Ciakuthii alisogea mbali na mzinga, akainua wavu wake, akatafuna taratibu. Alitema nta kwenye kiganja.

"Sema," alisema Kathambi.

"Ni tamu kuliko yangu."

"Unasema kweli?"

"Nasema kweli," alijibu Ciakuthii. "Na inaniuma kuisema."

Kathambi akaanza kucheka. Ciakuthii akajaribu kujizuia, akashindwa. Cicily akawaashiria wapunguze sauti, wasiwashtue nyuki, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kucheka.